Vinundu kwenye mikaratusi: mdudu asiyehitaji dume na kazi ya mtafiti wa Makerere

Leo naacha siasa na mambo ya Simba na Yanga pembeni, tuongee miti. Najua kuna mtu hapo keshasogeza kipanya anataka kufunga ukurasa. Subiri kidogo ndugu yangu. Kama kwenu kuna hata mistari miwili ya mikaratusi nyuma ya nyumba, au kama baba mdogo alishakushauri uweke vijisenti vyako kwenye miche ya nguzo kwa kuwa "mti haulali njaa", basi habari hii inagusa mfuko wako.

Siku ukipita kwenye mikaratusi michanga, ile isiyozidi kimo cha mtu, chuma jani moja la juu kabisa. Angalia mshipa wa katikati na kile kikonyo kinacholishika jani kwenye tawi. Jani zima mshipa wake ni laini na umenyooka. Jani lenye tatizo limevimba vinundu vinundu, kama mkono wa mtu aliyeumwa na mbu mara kumi sehemu moja. Kinundu kikiwa kichanga ni cha kijani, baadaye kinageuka waridi, kinaiva mpaka wekundu uliokolea, mwisho kinakuwa cha kahawia na kina vitundu vidogo kama vimetobolewa kwa sindano. Jani linajikunja, ncha ya mche inajisokota, na mti badala ya kwenda juu unaanza kutawanyika kama kichaka.

Vile vitundu ni milango. Kwenye kila kimoja ametoka mdudu.

Mdudu mwenyewe ni aina ya nyigu. Usimfikirie yule nyigu wa darini anayekufukuza mpaka barabarani. Huyu ana urefu wa milimita moja na ushee tu, rangi ya kahawia nzito inayong'aa ubluu na ukijani akipigwa na jua, wala hamng'ati binadamu. Ukimweka juu ya kibodi hapo ulipo utadhani ni vumbi. Wataalamu wanamwita Leptocybe invasa. Jike anatoboa mshipa wa jani changa, anataga yai ndani, na jani linavimba kumzunguka mtoto. Kinundu kinakuwa nyumba na chakula kwa pamoja. Lava anakaa humo anakula mpaka akomae, ndipo anatoboa na kutoka. Vipimo vilivyofanywa Israel vilionyesha safari hiyo, kutoka yai mpaka mdudu kamili, inachukua siku 132 hivi katika joto la kawaida la chumba. Akishatoka anaishi siku chache tu, lakini zinamtosha kutaga.

Sasa sikia kisa chake. Mwaka 2000 watu wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, Israel ikiwemo, walianza kuona mikaratusi yao inavimba. Mwaka 2002 mdudu huyo huyo akaonekana Uganda na upande wa magharibi mwa Kenya. Na hapo alikuwa bado hana jina! Hakuna kitabu cha sayansi kilichokuwa kimemwandika. Jina lilikuja mwaka 2004, pale Zvi Mendel wa Israel na wenzake walipomchunguza na kukuta hana ndugu wa karibu katika orodha zilizokuwepo, ikabidi wamfungulie jenasi mpya kabisa. Yaani mkulima wa Busia alikuwa anapata hasara ya mdudu ambaye hata profesa hakujua amwiteje. Asili yake ni Australia, ulikotoka mkaratusi wenyewe, ila huko kwao ni haba kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumjali. Kwa nini kwao ni haba na kwetu ni balaa? Hilo tutalifikia, ndipo utamu ulipo.

Aliyeshughulika naye sana upande wetu huu ni Philip Nyeko wa Chuo Kikuu cha Makerere, mtaalamu wa wadudu wa misitu. Kabla ya hapo alikuwa ameshafanya kazi na wakulima wa Kabale kuhusu wadudu wanaoshambulia miti ya Alnus, ile inayopandwa mashambani kwenye miteremko, na alikuwa mtu wa kuwauliza wakulima wanajua nini kabla hajawaambia anachojua yeye. Mwaka 2005 alichapisha ripoti juu ya vinundu vipya vilivyoonekana kwenye mikaratusi ya kambi ya wakimbizi ya Oruchinga, wakati huo ikihesabiwa wilaya ya Mbarara, siku hizi Isingiro. Oruchinga iko jirani na mpaka wa Tanzania. Ukitoka hapo kuja Kagera sio safari ya kuaga ukoo.

Naomba tusimame kidogo hapo Oruchinga. Kambi ile ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda miaka ya karibu na 1960. Kambini watu wengi wanapika kwa kuni, na kuni zikiisha karibu, kinamama na watoto wanazidi kwenda mbali. Mkaratusi unapandwa sehemu kama ile kwa sababu unakua haraka na ukiukata unachipua tena wenyewe. Sasa mti huo ukidumaa ukiwa na mwaka mmoja, anayeumia sio kampuni ya nguzo. Ni mama anayeongeza kilomita. Ndio maana mimi huwa sikubaliani na wanaosema utafiti wa wadudu ni mambo ya wasomi wasio na kazi.

Haya, turudi kwenye mdudu. Miaka iliyofuata Nyeko, pamoja na Eston Mutitu wa taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, na Roger Day, walizunguka sehemu mbalimbali za Uganda wakipima: mti una umri gani, ni mkaratusi wa aina gani, mahali pana joto kiasi gani, pako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na vinundu ni vingi kiasi gani. Kazi ya kuhesabu vinundu kwenye majani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mtu wa kawaida angesema watu hawa wamechoka na maisha. Lakini wanaikolojia, yaani wanaochunguza kiumbe kinavyoishi na mazingira yake, ndivyo wanavyofanya. Hawaulizi tu "mdudu gani huyu", wanauliza "kwa nini yuko hapa kwa wingi na pale hayupo".

Na jibu lilipotoka lilikuwa zuri sana. Mdudu alikuwa mkali kwenye maeneo ya chini yenye joto, na alipungua kadiri unavyopanda juu. Kule kwenye nyanda za juu za kusini-magharibi, upande wa Kabale ambako jioni lazima uvae sweta, alikuwa haba au hayupo kabisa. Nchi hiyo hiyo, mti huo huo, mdudu huyo huyo. Tofauti ni hewa.

Sababu yake sio uchawi. Mdudu hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi, analitegemea la nje. Kukiwa na joto anakua haraka na anaingiza vizazi vingi kwa mwaka, kukiwa na baridi anajikokota. Sasa ongeza jambo la pili: huyu jike hahitaji dume. Majike wanazaa majike, wao wenyewe, bila harusi. Watafiti wamehusisha tabia hiyo na bakteria wa aina ya Rickettsia wanaoishi ndani ya mwili wa mdudu. Madume wameonekana katika baadhi ya nchi kama Uturuki na India, lakini mambo yanakwenda hata bila wao.

Tupige hesabu ya kijiweni, ni mfano tu. Tuseme kila jike anaacha watoto 20 wanaofikia utu uzima, na mwaka una vizazi vitatu. Mdudu wa kawaida anayehitaji dume, nusu ya watoto ni madume, kwa hiyo majike ni 10, kizazi cha pili 100, cha tatu 1,000. Huyu wa kwetu, wote ni majike: 20, kizazi cha pili 400, cha tatu 8,000. Mara nane, kwa mwaka mmoja, kwa kutohitaji dume tu! Halafu kumbuka kwamba ili aanzishe ukoo mpya wilaya nyingine hahitaji kusafiri na mwenza. Mdudu mmoja tu ndani ya kinundu kimoja, kwenye mche mmoja uliofungwa kwenye kigari cha baiskeli, anatosha.

Na hivyo ndivyo anavyosafiri kwa sehemu kubwa. Kwa mabawa yake peke yake hafiki mbali, ingawa upepo unambeba. Wasafirishaji wazuri ni sisi. Miche inanunuliwa kitalu cha huku, inapakiwa kwenye pikapu, inavuka wilaya, inavuka na mpaka. Mdudu haulizwi pasi. Kwetu Tanzania ripoti zake zilianza mwaka 2005, na baadaye watafiti wa Morogoro, wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa TAFORI, wakapima wenyewe. Miche iliyoshambuliwa ilibaki nyuma kwa urefu, kwa unene na kwa uzito ukilinganisha na mizima.

Kitu kingine ambacho vipimo hivi vyote vinaonyesha: mkaratusi sio mti mmoja. Hili watu wengi mtaani hawalijui, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naona mikaratusi yote ni mikaratusi. Waganda wanauita kalitunsi, sisi mkaratusi, jina moja, wakati aina zake ni mamia. Kuna Eucalyptus grandis, ule unaonyooka kama mshumaa na kupendwa na wanunuzi wa nguzo. Kuna Eucalyptus camaldulensis, unaovumilia ukame. Kuna tereticornis. Kuna ule ambao ukisugua majani yake yananukia limao, citriodora. Mdudu anachagua. Camaldulensis na tereticornis anazipenda mno. Grandis pia anaishambulia, hasa kwenye joto. Citriodora kwenye vipimo vya Tanzania haikuguswa.

Halafu wakaja machotara. Kuanzia mwaka 1997 Kenya iliingiza kutoka Afrika Kusini mikaratusi ya kuchanganya grandis na camaldulensis, ili upate mti unaokua haraka kama mmoja na kuvumilia ukame kama mwingine, na Uganda nayo ikafuata. Wazo zuri kabisa. Miche hiyo haitokani na mbegu. Unakata vipandikizi kutoka mti mmoja bora na kuvichipua, kwa hiyo miti elfu kumi ya aina moja ni mapacha watupu, damu moja. Ndio inaitwa kloni. Faida yake ni kwamba shamba zima linakua sawasawa, na mnunuzi wa nguzo anafurahi. Hasara yake imekuja kuonekana mdudu alipoingia. Nyeko na wenzake walipolinganisha aina hizo Uganda na Kenya, walikuta kloni nyingine zimejaa vinundu na nyingine zimestahimili vizuri, ingawa zote ni za grandis na camaldulensis. Kwa hiyo ukibahatika umepanda kloni ngumu, shamba lako zima limepona. Ukikosa bahati, mdudu akishajua kufungua mlango wa mti mmoja, amepata ufunguo wa miti yote elfu kumi.

Hapa ndipo nina ugomvi na biashara yetu ya miche. Simama kando ya barabara yoyote kuu penye vitalu, uliza, "Huu ni mkaratusi gani?" Utajibiwa, "Ni mkaratusi mzuri, wa kisasa." Aina? "Wa kisasa." Mbegu imetoka wapi? "Mjini." Mtu anatoa hela ya ekari nzima, anasubiri miaka, hajui alichopanda! Mimi ningekuwa na uwezo ningeagiza kila kitalu kiandike kwenye kibao: aina, mbegu au kloni, imetoka wapi. Hiyo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya. Inahitaji kipande cha ubao na makapeni.

Mtu atauliza, si tupige dawa tu? Ngoja. Lava yuko ndani ya kinundu, amefunikwa na nyama ya jani pande zote. Dawa ya kunyunyiza inaishia nje. Wadudu wakubwa wanaoruka nje unaweza kuwaua leo, wiki ijayo wanatoka wengine, kwa sababu vizazi vinapishana, haviji kwa zamu. Kwenye kitalu chenye miche michache zipo dawa zinazopanda ndani ya mti na maji yake, hizo zinaweza kusaidia. Lakini shamba la ekari tano? Hela ya dawa itazidi hela ya nguzo, na nyuki wa jirani watakufa bure. Tena mikaratusi ni maua mazuri kwa nyuki, wafugaji wa nyuki wanajua.

Umri wa mti nao ni muhimu. Nyigu huyu anahitaji majani machanga na laini, hivyo mche na mti wa mwaka mmoja au miwili ndio unaoumia. Mti mkubwa unaweza kuwa na vinundu kwenye matawi ya chini na ukaendelea na maisha. Kuna mtego hapa ambao mkulima anautega mwenyewe bila kujua. Anaona miti imedumaa, anakasirika, anaikata yote ili ichipue upya. Machipukizi yakitoka yote ni machanga, laini, mengi, kwa wakati mmoja. Umemwandalia mdudu karamu! Kama jirani zako nao wana vinundu, machipukizi yako yatapata wageni mapema sana.

Sasa lile swali tuliloliacha. Kwa nini Australia ni haba? Kwa sababu huko ana maadui. Kuna nyigu wengine, wadogo vilevile, ambao kazi yao maishani ni kutafuta vinundu vya huyu jamaa. Jike wa nyigu mwindaji anachoma kinundu na kutaga yai humo, mtoto wake anaanguliwa na kumla mwenye nyumba. Mdudu wetu alipohama alikuja peke yake, maadui wakabaki nyumbani. Ni kama mtu mwenye madeni mtaa mzima aliyehamia mji ambao hakuna anayemdai.

Basi wanasayansi wakawafuata hao wadai hukohuko Australia. Wawili, Quadrastichus mendeli na Selitrichodes kryceri, walipewa majina mwaka 2008 na walipelekwa Israel kufanya kazi. Mwingine, Selitrichodes neseri, alishughulikiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria na kuachiwa Afrika Kusini mwaka 2012. Huyu anakua kutoka yai mpaka mdudu kamili kwa siku 19 hivi. Linganisha na zile 132. Adui anaingiza vizazi sita wakati mdudu anamaliza kimoja.

Najua mtu ameshaanza kusema: haya haya ya kuleta viumbe vya kigeni ndiyo yaliyotuletea sangara Ziwa Victoria. Wasiwasi huo ni wa haki, wala mtu asiuchekee. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akawamaliza samaki wengi wadogo wa ziwa. Tofauti ni hii: sangara anakula chochote kinachoingia mdomoni. Nyigu mwindaji ana mlo mmoja. Na haachiwi hivi hivi. Pretoria walimfungia kwenye karantini, wakamwekea vinundu vya wadudu wengine aone kama atashawishika, hakuvitumia. Kisha ndipo akapewa ruhusa. Bado mimi naona kila nchi ipime yenyewe, kwa sababu vinundu vya misitu yetu sio vya Pretoria, lakini kusema ni sangara mwingine sio sahihi.

Tena sio jaribio jipya. Mwaka 1916 Afrika Kusini ilivamiwa na mdudu mwingine wa mikaratusi kutoka Australia, kifaurongo mwenye mdomo mrefu kama mkonga anayetafuna majani. Mwaka 1926 wakamleta nyigu mdogo, Anaphes nitens, anayetaga ndani ya mayai ya huyo mdudu, na mashamba yakapata nafuu kubwa. Karibu miaka mia moja iliyopita, kabla ya ndege za abiria kuzoeleka.

Wapo watakaosema afadhali mikaratusi ife yote, inakausha maji. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira Kenya, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Kwenye chemchemi na kingo za mito mimi niko upande wake, mti unaokua kwa kasi ile unakunywa kwa kasi ileile. Lakini mkaratusi uko huku tangu zama za reli, Kenya ilianza kuupanda mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za treni, na leo ndio mirunda ya kujengea, nguzo za umeme na kuni za viwanda vya chai. Ukiondoka ghafla, shoka linahamia msitu wa asili. Anayeombea mdudu ashinde ajiulize kuni za kesho zitatoka wapi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kile kipimo cha Nyeko cha joto na mwinuko. Kama baridi ndiyo ukuta unaowalinda watu wa milimani, na dunia inazidi kupata joto, huo ukuta unapanda juu kidogo kidogo. Mtu wa Kabale aliyepanda grandis akijua yuko salama, au wa kwetu kwenye vilima vya Karagwe, mti wake unavunwa baada ya miaka mingi. Anapanda kwa hali ya hewa ya leo na kuvuna kwa hali ya hewa ya wakati mwingine. Kwa hiyo vile vipimo vya miaka ya 2000 inabidi virudiwe, sehemu zilezile, ili tujue mstari umesogea mpaka wapi. Na kurudia kipimo ndio kazi ambayo wafadhili hawaipendi, haina utepe wa kukata.

Kama unataka kupanda mwaka huu, mambo ya kufanya sio mengi. Chagua aina kwa kuangalia mahali ulipo, sio kwa kuangalia jirani alivyouza. Ukiwa sehemu ya joto na ya chini, camaldulensis na grandis za kubahatisha ni hatari, uliza aina zinazostahimili kwa afisa misitu au kwa TAFORI. Kabla hujalipa, pindua majani ya juu ya miche ishirini hivi. Ukiona kinundu hata kwenye mmoja, acha mzigo wote, hata kama muuzaji ni shemeji. Usipande kloni moja shamba zima, changanya aina mbili tatu kwa mistari. Miche yenye vinundu usiitupe kando ya shamba, ichome moto, kwa sababu mdudu aliye karibu kukomaa anaweza kutoka hata jani likiwa limeshachumwa.

Muda wangu wa kafe unakaribia kuisha, mwenye mashine ameshaniangalia mara mbili. Uwanja wa maoni uko wazi. Ninaloomba ni moja: mlioko Karagwe, Muleba, Tabora, Kibaha, Muheza, na ndugu zetu wa Busia na Isingiro, wikiendi hii mkipita kwenye mikaratusi chumeni jani la juu mtazame. Halafu andikeni hapa chini wilaya, umri wa miti kwa kukadiria, aina kama mnaijua, na kama vinundu vipo au havipo. Wa milimani msikae kimya kwa kuwa hamjaona kitu, "havipo" nalo ni jibu ninalolitaka.